Orkestre zilizovuka mpaka: urithi wetu uliobaki Dar es Salaam na Nairobi

Kila mara tunapozungumza juu ya muziki wa Kongo, mazungumzo yanaanzia Kinshasa na kuishia Kinshasa. Tunataja African Jazz, OK Jazz, Afrisa, Zaïko, Wenge, halafu tunafunga kitabu. Mtu wa Lubumbashi akitaka kuongeza cha kwake, anamtaja mzee Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke na gita yake ya miaka ya 1950, kisha anaruka miaka 30 mizima sawa vile hapakuwa na kitu. Lakini kitu kilikuwako. Kulikuwa na orkestre zilizotoka Katanga, Maniema na Kivu, zikafanya kazi yao kubwa ya miaka ya 1970 na 1980 nje ya nchi, zaidi Dar es Salaam na Nairobi. Kwa lugha yetu ya mtaa, wanamuziki wale tunasema tu "balipoteaka". Kwa kweli walikuwa wanapiga karibu kila usiku, na walikuwa wanaimba Kiswahili. Sisi njo tuliacha kuwasikiliza.

Katika kurasa hizi tunataka kuwapima: walifanya nini, walikosea wapi, na kwa nini kazi yao haimo katika urithi tunaoufundisha watoto.

1. Njia ya mashariki ni ya zamani

Wengi wanadhani kwamba wanamuziki hawa walikwenda mashariki kwa bahati mbaya, juu walishindwa kufika Kinshasa. Hapana. Njia ile ilikuwa imekwisha funguliwa. Edouard Masengo alikwenda Nairobi na gita yake mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mwenda wa Bayeke naye alipiga huko. Tukiangalia ramani tunaelewa haraka. Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500, na barabara ya kukupeleka moja kwa moja haipo. Lakini mpaka wa Zambia uko karibu sana, na kutoka Kalemie ukivuka Ziwa Tanganyika unafika Kigoma, ambako gari-moshi linakungoja kwenda Dar es Salaam. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa pia na reli ya TAZARA kutoka Zambia.

Sababu ya pili ni kazi. Studio na nyumba za diski zilikuwa Kinshasa. Baada ya zaïrianisation ya 1973 biashara nyingi zilianguka, na vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikaongeza taabu kusini.

Sababu ya tatu ni lugha, na sisi tunaiona kuwa ndiyo kubwa. Mwanamuziki wa Kamina au wa Kindu akifika Kinshasa ilimpasa kuimba Lingala ili asikilizwe. Akifika Dar es Salaam, lugha ya mama yake, au ya jirani yake, njo ilikuwa lugha ya radio.

Kwa hiyo walikwenda. Baba Gaston Ilunga wa Ilunga, mtoto wa Katanga, alipitia Dar es Salaam na kuingia Nairobi na orkestre yake Baba National. Mwaka 1976 wengi wa wanamuziki wake walimwacha, wakaunda Les Mangelepa. Super Mazembe, ambayo kwetu ilianza kwa jina la Super Vox chini ya Mutonkole Longwa Didos, ilipitia Zambia na kufika Nairobi 1974. Kutoka Kamina ilitoka orkestre iliyofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kujulikana kama Maquis du Zaïre, baadaye Maquis Original. Mzee Makassy alitoka Kampala wakati wa Idi Amin akahamia Dar es Salaam. Na mtoto wa Kindu, Remmy Ongala, alimfuata huko 1978.

2. Kujitegemea: nani ana vyombo?

Ili kuelewa ukubwa wa kazi yao, lazima tujue hali ya Tanzania ya wakati ule. Orkestre nyingi kubwa zilikuwa mali ya serikali, ya chama au ya mashirika. NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya shirika la bima, UDA Jazz ya shirika la mabasi, na polisi na jeshi nao walikuwa na zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikapita 1983 mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la mji. Mwanamuziki wa orkestre za namna ile alikuwa na mshahara, na vyombo vilinunuliwa na shirika.

Wakongo wengi hawakuwa na shirika. Waliishi kwa mlango: watu wakija kucheza mnakula, mvua ikinyesha mnalala njaa. Na kuleta gita au bafle kutoka nje, katika miaka ya uchumi mgumu iliyofuata vita vya Tanzania na Uganda, haikuwa jambo dogo. Kwa hiyo ukitaka kujua orkestre ilijitegemea kweli au la, uliza swali moja: vyombo ni vya nani?

Tunaona majibu mawili. Jibu la kwanza ni la tajiri mwenye vyombo. Super Matimila, orkestre aliyoiongoza Remmy Ongala, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Orchestra Safari Sound ilikuwa ya Hugo Kisima. Ndani yake walipita wakubwa wetu wawili, Ndala Kasheba mwenye gita ya nyuzi 12, na King Kiki, mtoto wa Lubumbashi. Mtindo wa Masantula ulipendwa sana mjini. Lakini 1985 mwenye mali alichukua Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kutoka Mlimani Park, wakaja na mtindo mpya wa Ndekule, na kikosi cha Masantula kikavunjika. Jina la orkestre lilibaki lile lile, muziki ukawa mwingine kabisa. Njo vile mambo yanavyokwenda mtu akiwa na sauti bila mikro.

Jibu la pili ni la Maquis. Wanamuziki wenyewe waliunda kampuni, OMACO, na mali ikawa ya pamoja. Tunaliona jambo hili kuwa kubwa sawa na nyimbo zao. Watu waliotoka nchi ambako kila orkestre ni ya "patron" mmoja, ambaye akiondoka wote wanatawanyika, walijaribu utaratibu mwingine. Na ulidumu: waimbaji na wapiga gita waliingia na kutoka, Maquis ikabaki Maquis katika miaka yote ya 1980. Wale wanaosema kwamba Mukongo hawezi kufanya kazi ya pamoja bila mkubwa wa kumpigia kelele, wafikirie mfano huu.

3. Muziki wenyewe

Tuingie sasa katika muziki. Kinshasa ya miaka ya 1980 ilikuwa imefuata njia ya Zaïko: tarumbeta na saksofoni zimeachwa, gita na ngoma zinakimbia, atalaku anapiga kelele juu ya sebene. Orkestre zetu za mashariki zilishika njia nyingine. Kwa Maquis midomo ya shaba haikunyamaza. Saksofoni zinajibu waimbaji, halafu katika sebene zinarudia sentensi fupi moja, zamu kwa zamu na gita, bila haraka. Gita nazo zinagawana kazi: moja inabeba solo, ya pili inasuka katikati, ya tatu inashika mdundo, na bas inatembea chini yao. Kwa mpiga gita sawa Nguza Mbangu au Dekula Kahanga "Vumbi", uzuri uko katika nafasi anayoacha. Hajazi kila tundu.

Mitindo ya kucheza inasema jambo lile lile. Maquis walileta "Kamanyola bila jasho". Kamanyola tunaijua, iko Kivu ya Kusini, na serikali ya Mobutu iliifanya jina la vita na la jeshi. Wanamuziki wakalichukua neno lile la bunduki, wakalipa maana ya kucheza polepole, mtu asichafue shati lake. Katika mzaha ule mdogo kuna akili mingi.

Katika maneno, walijifunza kitu kwa Watanzania. Wimbo wa Kinshasa mara nyingi ni mtu mmoja anayelia juu ya mapendo. Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam unasimulia: kuna mume, mke, jirani, barua, shauri, na mwisho kuna fundisho. Wakongo waliingia katika desturi hiyo na Kiswahili chao chenye ladha ya kwetu, na wasikilizaji wakaipenda ladha ile. Remmy Ongala alikwenda mbali zaidi. Aliimba juu ya kifo, juu ya maskini, na mwaka 1990 katika "Mambo kwa Soksi" aliimba wazi juu ya kondomu, wakati ambapo viongozi wengi waliona haya kulitamka neno hilo. Radio haikutaka kuupiga wimbo ule, lakini watu waliujua.

Lakini tuseme pia makosa. Si kila wimbo ulikuwa mzuri. Ukisikiliza nyimbo 20 mfululizo unakuta melodi zinafanana, na malalamiko ya mapendo ambayo yangeweza kuimbwa na yeyote. Mara nyingine sebene inarefushwa juu watu wako katika ukumbi na bia inauzwa, wala hakuna jambo jipya la kusema. Orkestre kadhaa zilimfuata Franco au Tabu Ley kwa karibu mno. Na mashindano ya kubuni mtindo mpya kila msimu yalifanya jina la mtindo litangulie muziki. Tukiwasifu bila kusema hayo, kijana mwenye masikio mazuri hatatuamini.

4. Kwa nini hawajulikani

Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha diski. Orkestre iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam na kupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, wote pamoja. Ukanda ulibaki radioni. Mwanamuziki alipata kujulikana, pesa kidogo sana. Nyimbo chache zilifika Nairobi na kuwa diski. Baadaye kaseti za kunakili zilijaa sokoni, na mwenye wimbo hakupata hata faranga.

Waliokaa Nairobi walikuwa na bahati kidogo, kwa kuwa kule diski zilichapwa. Njo maana "Shauri Yako" na "Kassongo" za Super Mazembe zinajulikana hadi Ulaya. Lakini diski ndogo ile ilikuwa na sheria yake. Wimbo ulikatwa vipande viwili, maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili, na watunzi wakaanza kutunga kwa kufuata ukubwa wa diski. Tena huko Nairobi walikuwa wageni: leo una kibali cha kazi, kesho huna. Virgin ya Uingereza ilitoa "Agwaya" ya Orchestra Makassy 1982 na "Kaivaska" ya Super Mazembe 1983, halafu mlango ukafungwa. Remmy Ongala peke yake aliendelea, kwa njia ya WOMAD 1988 na albamu "Songs for the Poor Man" ya 1989.

Hivi Maquis, ambayo kwetu sisi ilikuwa na muziki uliokomaa kuliko wote, imeacha diski chache. Kazi yake kubwa imo katika kanda za radio ile, ambayo leo ni TBC.

5. Ni wa nani?

Watanzania wanasema: hawa ni wetu, walikaa kwetu, walizeeka kwetu, tumewazika kwetu. Wana haki. Huko Sinza, Dar es Salaam, kuna kituo cha basi kinachoitwa kwa Remmy. Je, sisi tuna nini? Kindu, Kamina, Lubumbashi, tumewawekea alama gani?

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi zetu mbili, Kinshasa na Brazzaville. Tulifurahi wote. Lakini kama rumba ile ni ya Lingala peke yake, basi mtoto wa Katuba au wa Bukavu anayetaka kutunga kwa Kiswahili ataendelea kuamini kwamba lugha yake ni ya kanisani na sokoni, kwamba haiwezi kubeba wimbo wa kucheza. Hiyo njo hasara yenyewe, nayo ni ya leo. Kijana huyo anapaswa kujua kwamba watu wa kwao walikwisha jaribu, wakafaulu, na mji mkubwa wa watu wengine ukacheza.

Na muda unapita. Ndala Kasheba alifariki 2004, Remmy Ongala 2010, King Kiki 2024. Kila mmoja alikwenda na majina ya wenzake ambao hawakuandikwa popote: nani alipiga bas, nani alitunga lakini hakuimba.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tuanze na kazi ndogo. Katika nyumba nyingi za Kamalondo, Kamina, Kalemie na Uvira kuna kaseti za zamani katika masanduku. Msizitupe juu radio ya kaseti imeharibika. Andikeni juu ya kila moja jina la orkestre, jina la wimbo na mwaka kama mnaujua, halafu mwite mzee mmoja asikilize na kuwatajia sauti moja moja. Ushirika wetu uko tayari kupokea nakala na kuzitunza. Tukishakuwa na majina, tutaweza kuwaomba Watanzania na Wakenya tushirikiane kuhusu kanda walizohifadhi, na tutakwenda kwao na kitu mkononi.