Mkonge wa Sebuleni Hukaguliwa Shinani

Mtu akiniletea mkonge wa chungu nimwambie kama ni mzuri, siangalii majani. Naushika shinani, pale jani linapochomoka udongoni, nabonyeza kwa dole gumba. Pakiwa pagumu kama muwa, tuendelee. Pakibonyea, au vidole vikitoka na harufu ya muhogo uliovunda, rudisha, hata kama juu unang'aa. Na uking'aa kupita kiasi, pitisha kitambaa: wauzaji wengine hupaka mafuta ya kula.

Kisha vuta jani kidogo, kwa adabu. Likikufuata mkononi, lilichomekwa juzi na halina mizizi. Unauziwa pando kwa bei ya mche. Kopo la plastiki lililovimba ubavuni lisikutishe. Ni mashina ya chini ya udongo yanayosukuma kutafuta nafasi, na mimi hulichagua hilo kabla ya yote.

Unaopendwa zaidi ni ule mrefu wenye ukingo wa njano, Laurentii, ambao asili yake ni Kongo. Ukingo uwe umenyooka bila kukatika tangu shinani hadi nchani, na ncha iwe nzima, maana iliyokatwa haioti tena. Ukitaka kuuzidisha, gawa shina pamoja na mizizi yake. Ukipanda kipande cha jani, machipukizi yatatoka ya kijani tupu, na njano uliyoilipia imekwisha. Mfupi, Hahnii, ulioanzia New Orleans mwaka 1939, umekaa kama kiota. Chungulia katikati, maji yakituama humo moyo huoza. Ule wa majani ya mviringo, wa Angola, huuzwa umesukwa kama ukili. Sina hamu nao. Nilinunua mmoja Dar es Salaam kwa kuvutiwa na msuko, shina sikuligusa, ukafika Lindi umelegea.

Cha ajabu, tunapakia mikonge kwenye basi kuileta pwani yenye mikonge. Ule wa katani, wa mashamba ya Kikwetu huku Lindi, ndio mgeni: mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62. Wa vichakani, wa jamii ya huu wa chungu, uliosokotwa kamba na mababu, ulikuwapo tangu zamani. Mmojawapo wa jamii hiyo ya pwani yetu una jina la kisayansi la John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar: majani mapana yenye mawimbi ukingoni na madoa hafifu. Wenye rangi ya shaba hutafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kwa huu madoa ndiyo thamani. Jani la rangi moja, mfu kama turubai, liache.

Nyumba za zamani za Kilwa Kivinje, zenye kuta nene na madirisha madogo, zinaufaa mkonge wa chungu, kwani huvumilia kiza. Maji ndiyo huuua. Subiri udongo ukauke hadi chini, na kama kisima chako kina chumvi, kinga ya mvua. Utando mweupe mdomoni mwa chungu ni chumvi ya maji hayo. Wangu wa madoa upo barazani, kwenye sufuria kuukuu niliyoitoboa matundu sita. Mwaka huu umetoa watoto wawili, wote upande wa ukutani.