Nyumba Huanzia Tanurini

Nyuma ya nyumba nyingi za tofali la kuchoma katika vijiji vya uwanda wa Ufipa, Tanzania, pana shimo. Masika hulijaza maji, bata huogelea, watoto hukatazwa kulikaribia. Humo ndimo ilimotoka nyumba: kuta zake, tope la kushikamanisha tofali na tofali, hata udongo ulioshindiliwa sakafuni kabla mwenyewe hajapata pesa za saruji. Sijui jengo la mjini linaloweza kukuonyesha mahali lilipochimbwa kwa uwazi namna hiyo.

Nyumba yenyewe haina makuu. Ina vyumba vitatu au vinne, paa la bati la mgongo wa tembo, na madirisha madogo kwa sababu uwanda huu uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huuma. Jiko liko nje, upande wa ua. Chumba kimoja hujaa magunia ya mahindi na maharage baada ya mavuno, wageni wakija hulazwa kandokando ya magunia hayo. Mwenyewe ni mkulima, au mwalimu wa shule ya msingi, au mama anayeuza mchele sokoni Sumbawanga. Kuta za nje mara nyingi hazipigwi plasta, kwa hiyo kila tofali linaonekana, na kazi ya fundi inabaki wazi mbele ya kila apitaye.

Uwazi huo ndio ulionifundisha kuzitazama. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimeandikiwa vitabu. Hizi zimeandikiwa kidogo mno. Hata hivyo zina usanifu wake, na sehemu kubwa ya usanifu huo huamuliwa kabla msingi haujachimbwa, wakati matofali yanapopangwa kwa moto.

Kwanza udongo. Mfinyanzi mtupu hupasuka unapokauka, na wenye mchanga mwingi humomonyoka. Fundi huchukua kidogo, hulowesha, huviringisha kamba nyembamba kati ya viganja, kisha huizungusha kidoleni. Ikikatika upesi, mchanga umezidi. Ikinata na kugoma kuachia ngozi, udongo unadai mchanga. Kichuguu hupendwa kwa sababu mchwa wamekwisha kufanya nusu ya kazi: wamechagua chembe laini chini ardhini na kuzipandisha juu. Udongo uliokubalika hulowekwa usiku kucha, asubuhi ukakanyagwa kwa miguu mpaka usiwe na bonge wala mfuko wa hewa.

Kufyatua tofali kunaonekana rahisi kwa mtu anayetazama kwa mbali. Kalibu ya mbao huchovywa majini na kunyunyiziwa mchanga ili tope lisigande. Halafu bonge moja, lililokisiwa kwa mikono, hurushwa ndani kwa nguvu ili lijaze pembe zote nne kwa mpigo mmoja. Anayejaza kidogokidogo anaacha mshono tumboni mwa tofali, na siku litakapobebeshwa uzito litavunjika papo hapo palipoungwa. Kalibu nayo hutengenezwa kubwa kuliko tofali linalotakiwa, maana udongo hunywea ukikauka, hunywea tena ukichomwa. Seremala aliyeikata ilimbidi aujue udongo wa kijiji kile.

Baada ya hapo ni kungoja, na hapa ndipo wasio na subira wanapojulikana. Upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi ni mkavu. Ngozi ya nje ya tofali hukauka na kujikaza huku ndani kukiwa bado kuna maji, na matokeo yake ni nyufa. Kwa hiyo matofali mabichi hufunikwa nyasi. Hulazwa bapa kwanza, yakishika hugeuzwa kwa ubavu, kisha hupangwa kwa nafasi ili upepo upite taratibu. Haya yote hufanyika kuanzia Mei, mahindi yakishavunwa, na lazima yamalizike kabla ya mvua za Novemba. Rundo bichi likikutwa na mvua kubwa hurudi kuwa tope, na jasho la miezi huenda nalo.

Tanuru katika vijiji hivi halina jengo. Matofali yenyewe ndiyo tanuru. Hupangwa kuwa rundo la pembe nne lenye vichochoro chini, midomo ya kuingizia magogo, na kati ya tofali na tofali huachwa upenyo wa kidole ili moto upande. Upenyo ukizidi, moto hukimbilia juu na kuni zinateketea bure. Ukibana, katikati hakuivi. Nje kote hukandikwa tope. Kisha moto mdogo huwashwa, na moshi mweupe, mzito, hutoka juu: hayo ni maji yaliyokuwa yamebaki. Mpaka moshi huo upungue fundi hathubutu kukoleza, maana mvuke ukikosa pa kutokea hupasua tofali. Moshi ukishapungua hukoleza usiku na mchana. Ili tofali liive barabara, moyo wa tanuru unahitaji kufika karibu nyuzi joto 900, na hakuna kipimo pale ila macho: rangi ya moto ndani ya midomo, na kimo cha rundo, ambalo hushuka kidogo udongo unapojikaza. Mwishoni midomo huzibwa, na tanuru huachwa lipoe siku kadhaa. Anayefungua mapema hupasua kwa baridi kile alichokiokoa kwenye moto.

Ufipa ilikuwa na watu waliosoma moto kwa macho muda mrefu kabla ya tofali. Katika uwanda huu zingali zimesimama tanuru za kuyeyushia chuma, ambazo Wafipa huziita malungu. Ilungu moja huweza kufikia mita tatu kwa kimo. Lilijengwa kwa udongo, likatobolewa matundu kuzunguka kitako, na hewa ikaingia yenyewe bila mivukuto, moto wa juu ukivuta upepo wa chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililotumia mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, chuma cha kununua kilipoenea. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ametumia miaka mingi kuichunguza. Sitaki kudai kwamba mchoma tofali wa leo alirithi kazi kwa mhunzi wa jana, kwa kuwa ni kazi mbili tofauti na zilifika kwa njia mbili. Lakini zote mbili ni kazi za udongo uliosimamishwa, hewa iliyopimwa na moto usioachwa peke yake. Na wekundu wa tofali ni chuma kilichomo ardhini, kinachobadilika rangi kikipata joto na hewa.

Tofali la kuchoma lilienea sana kupitia misheni. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walipokea kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka ziwani wakapanda uwandani. Popote walipojenga kanisa na nyumba ya mapadre walihitaji waashi na maseremala, na vijana walijifunza kazi hiyo wakiifanya. Nyumba za kawaida ziliendelea kwa muda mrefu kuwa za miti na udongo, zikiezekwa nyasi. Nyasi hazikukosekana, miti mizuri ndiyo iliyokuwa shida, kwa maana sehemu kubwa ya uwanda ni mbuga tupu. Katika nchi ya namna hiyo ukuta usiotaka nguzo una maana kubwa.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakemea Watanzania waliokuwa wakikaa kusubiri saruji na bati wakati wana udongo wa kuchoma matofali na vigae. Saruji iliitwa udongo ulaya, na yeye aliona kuing'ang'ania ni kupooza kwa fikra. Kuhusu ukuta, Ufipa imempa haki. Saruji ya karibu ilitoka Songwe, Mbeya, kiasi cha kilomita 300, na kabla ya lami ya Tunduma–Sumbawanga safari hiyo wakati wa masika ilikuwa adhabu. Kuhusu paa hakusikilizwa: vigae havikushika, na bati ndilo lililoshinda.

Nirudi tanurini, kwa sababu siku ya kulibomoa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Matofali hayakuiva sawa na hayakutarajiwa kuiva sawa. Fundi huyagonganisha mawili mawili na kusikiliza. Lililoiva hulia kama kengele; bichi hutoa sauti ya kigae kilicholowa. Kijana humletea moja moja.

“Fundi, hili?”

“Hilo la kona.”

“Na hili?”

“Weka kule, la ndani hilo.”

Yaliyopakana na midomo yamekuwa meusi, mengine yamepinda kwa joto. Hayapendezi lakini hayanywi maji, kwa hiyo huenda msingini. Ya moyo wa tanuru, yenye wekundu uliokolea, hutengwa kwa pembe za nyumba, kandokando ya milango na madirisha, na kozi, yaani safu, za chini za ukuta wa nje ambazo mvua huzirukia. Yaliyokaa mbali zaidi na moto, ya rangi ya chungwa hafifu, hupewa kuta za ndani ambako hayatapata mvua. Ya pembezoni kabisa, yaliyobaki mabichi, hungoja tanuru lijalo au hujenga banda la kuku. Ukiijua siri hii unaweza kusimama mbele ya nyumba yoyote ya Ufipa na kuona kwenye kuta zake moto ulikuwa upande gani.

Kujenga kwenyewe hufuata kamba, timazi na pima maji. Kila tofali hukaa juu ya kiungo cha mawili ya chini, na kila baada ya kozi chache mengine hulazwa yakivuka unene wote wa ukuta, kufunga upande wa nje na wa ndani. Tope hutiwa jembamba. Fundi mzuri hatumii tope kusawazisha makosa, kwa sababu tope ndilo dhaifu na tofali ndilo lenye nguvu. Penye uwezo, viungo vya nje hukwanguliwa na kuzibwa kwa saruji kidogo. Upepo wa uwandani nao una dawa yake: waya huzikwa ukutani kozi kadhaa kabla ya kufika juu, kisha hufungwa kwenye kenchi, ili bati likitaka kuruka libebe na uzito wa ukuta.

Linaloniumiza ni kuni. Tanuru moja hula magogo mengi, na msitu wa milima ya Mbizi, unaotupatia maji Sumbawanga, hauwezi kulisha kila nyumba. Wengi sasa huchomea milingoti waliyopanda wenyewe. Wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora umekuwa ukihimiza tofali la kufungamana, la udongo na saruji kidogo, lisilochomwa. Ni tofali zuri, nami ningependa kuona waliolelewa na tanuru wakikabidhiwa mashine zake kwanza, maana udongo wanaujua.

Nyumba nyingi za hapa hujengwa kwa vipande, mavuno hadi mavuno. Vyumba viwili mwaka huu, bati mwaka ujao. Ndiyo maana mwishoni mwa ukuta wa upande mmoja matofali huachwa yametokeza, moja ndani na moja nje, yakiwa meno ya chumba ambacho bado hakijafyatuliwa. Fundi hufunika meno hayo kwa mabaki ya bati yasilowe, na humwambia mwenye nyumba aache nafasi upande wa shimo.