Juu ya Ubao wa Kukataza Kiswahili Shuleni

Katika shule nyingi za sekondari za nchi yetu mgeni huona ubao langoni, nao umeandikwa kwamba mahali pale husemwa Kiingereza tu. Mahali pengine ubao huo una mdogo wake, yaani kibao anachovikwa shingoni mwanafunzi aliyesikiwa akisema Kiswahili. Naye hukaa nacho hata amsikie mwenzake akikosa vivyo hivyo, ndipo amvike yeye. Desturi hii si ya jana, wala si ya nchi yetu peke yetu. Kenya wako wazee wengi waikumbukao. Nataka kuipima, kwa maana wengi wetu tunaofundisha katika shule za misheni na seminari tumeipokea pasipo kuuliza kama yatimiza kazi tuliyoipa.

Kwanza tuwatendee haki wanaoitetea. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, zafundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa Visiga, awe anaingia Seminari Ndogo ya Mtakatifu Maria iliyo pale, au shule ya kutwa iliyo jirani, akiwa ametoka katika shule hizo za msingi, hukuta Kidato cha Kwanza vitabu karibu vyote vimegeuka lugha. Mitihani nayo ni vivyo hivyo. Basi mwalimu asema: lugha haipatikani ila kwa kuinena. Neno hili ni la kweli. Hata Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, katika Uzaramo huu huu, mpaka mwaka 1955, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, wala hakifai kuachwa. Lakini tukumbuke kwamba ni yeye aliyefasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, zikatoka mwaka 1963 na 1969. Hakuziona lugha hizi mbili kuwa maadui.

Kosa la ubao si kukipenda Kiingereza. Kosa lake ni kudhani kwamba lugha ya kwanza ikinyamazishwa, ya pili itasema. Mara nyingi kinachokuja ni kimya, nasi twakiita utulivu.

Nilipata kuketi nyuma ya darasa katika shule moja, ambayo jina lake silitaji. Mwalimu wa elimu ya viumbe alieleza somo lake vizuri, kisha akamwuliza mvulana mmoja kwa Kiingereza, je, hukuelewa? Mvulana akasimama kwa adabu, akajibu, "Yes, sir." Mwalimu akafurahi, akafuta ubao, akaendelea mbele. Baada ya kipindi nilimwuliza yule mvulana kwa Kiswahili, akaniambia kwamba alikuwa amejibu kweli: hakuelewa.

Wenye kuchunguza lugha wataona mara moja palipo tatizo. Neno letu "ndiyo" kwa asili lakiri maneno ya aliyeuliza: ndiyo hayo uliyosema. Mtu akiulizwa "Hukuelewa?" naye hakuelewa, hujibu "Ndiyo." Mwingereza, akiwa hakuelewa, hujibu "No." Kosa la mtoto basi halikuwa la uvivu, bali alifuata kanuni ya lugha yake pasipo kuonywa kwamba kanuni ya pili ni nyingine. Tena pwani mtoto aliyelelewa vema hampingi mkubwa wake mbele ya watu. Darasa zima likiulizwa "Mmeelewa?" litaitika "Ndiyo, mwalimu," kama vile liitikiavyo salamu. Itiko hilo ni la heshima, si ushahidi wa ujuzi.

Makosa mengine ni ya namna hiyo hiyo, nayo yaweza kujulikana kabla hayajatokea. Sisi husikia njaa na husikia harufu. Kwa hiyo mtoto huandika kwamba ana njaa kwa tendo la Kiingereza lihusulo masikio tu. Sisi husema "ametoka shuleni," "yuko shuleni," "amekwenda shuleni". Neno ni lile lile, na tendo ndilo lichukualo maana. Kiingereza chadai vijineno vitatu mbalimbali, "from," "at" na "to." Mwalimu akizilinganisha lugha hizi mbili ubaoni kwa dakika kumi, atakuwa ameponya madaftari ya mwaka mzima. Lakini atazilinganishaje, ikiwa moja imekatazwa kuingia darasani?

Hasara ni kubwa zaidi katika masomo ya sayansi. Mtoto atokaye shule ya msingi analo neno "usanisinuru." Siku ya kwanza aambiwa alisahau, akariri "photosynthesis." Lakini neno hili la pili ni la Kiyunani, nalo limejengwa kama la kwanza: nuru, na kuunganisha kitu kikawa kimoja. Makasisi waliosoma Injili ya Yohana kwa Kiyunani wamekwisha kukutana na nuru hiyo katika sura ya kwanza. Mwalimu akiyafungua maneno yote mawili, mtoto hapotezi alichokuwa nacho. Hupata jina la pili la kitu akijuacho. Akinyimwa, hupata sauti tupu.

Habari hizi si mpya. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza wakaona Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kuchukua masomo. Baadaye Taasisi ya Elimu Tanzania na wasomi wa vyuo vikuu vya Dodoma na Bristol walijaribu vitabu vya Kidato cha Kwanza vyenye Kiingereza chepesi, na maneno magumu yakielezwa kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo njia niipendayo.

Wala si ngeni kwa misheni. Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa UMCA, alitoa mwaka 1870 kitabu cha kumfundisha Mwingereza Kiswahili, nacho kwa Kiingereza. Padre Sacleux wa Bagamoyo alitoa mwaka 1939 hata 1941 kamusi kubwa ya Kiswahili iliyofasiriwa kwa Kifaransa. Wageni hao walijifunza lugha yetu kwa kushika mkono wa lugha yao. Hakuna aliyewavika kibao waliposema ya kwao, wala Kiswahili hakikudhurika.

Nijuavyo, mtu ataniambia: ukifungua mlango, Kiswahili kitajaza nyumba yote. Hatari hiyo ipo. Mwalimu afasiriye kila sentensi mwaka mzima hafundishi Kiingereza, kwa sababu watoto hungojea tafsiri, wakaacha kusikiliza. Kwa hiyo pawe na kipimo. Watoto wazungumze jambo wawili wawili kwa Kiswahili kwa muda mfupi, wapate kulifikiri. Kisha wapewe maneno na mifano ya sentensi za Kiingereza. Mwisho waseme na kuandika kwa Kiingereza. Mwalimu naye aache kuuliza kama wameelewa. Awaambie wamwonyeshe, kwa kuchora, au kupanga, au kueleza upya.

Na ule ubao wa langoni, sisemi uchomwe. Ushushwe, upakwe rangi, utundikwe ndani ya darasa, uandikwe maneno ya juma kwa safu mbili, Kiswahili na Kiingereza. Hapo utaanza kufundisha.