Hedi Isiyotaka Matundu Makubwa

Hiace ya daladala ikianza kuchemsha jijini Mwanza, dawa ya haraka huwa ni kung'oa thamostati. Isiposaidia, gasketi inaungua, hedi inafunguliwa, na hapo huzuka wazo la pili: kupanua matundu ya maji ili maji yapite kwa wingi. Ukilisikia unalikubali, lakini mara nyingi linaharibu kazi.

Hiace nyingi zilikuja na injini za Toyota za dizeli: 3L yenye sentimita za ujazo 2,779, au 5L yenye 2,986. Bloki ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, pampu ya maji iko mbele. Maji hayana subira: yakipewa njia pana karibu na pampu yatapandia hapohapo, na silinda ya nyuma itaambulia makombo. Ndiyo maana katika injini nyingi vipimo vya matundu ya gasketi havilingani. Baadhi ni madogo kuliko matundu ya bloki yaliyo chini yake, na udogo huo ni wa makusudi. Anayepanua hedi peke yake hajaongeza chochote, kwa kuwa gasketi bado inabana. Akitoboa na gasketi, ameinyima maji silinda ya mwisho.

Marekebisho yanayohitajika kweli huwa ni ya kurudisha kipimo. Gari iliyojazwa maji matupu kwa miaka, bila kulanti, huota kutu kwenye bloki, na aluminiamu ya hedi huliwa kuzunguka matundu hadi ukingo unakaribia pete ya moto ya gasketi. Fundi makini husaga sehemu iliyooza mpaka aluminiamu ing'ae, huipasha hedi joto taratibu, kisha hujaza kwa kuchomelea chini ya gesi ya argoni. Uso husawazishwa kwa mashine. Baada ya hapo gasketi mpya hulazwa juu, matundu huchorwa kwa kuifuata, na keekee hupita kwenye alama hizo tu.

Kipimo hakiishii hapo. Njia zote za maji huzibwa kwa vibati na mpira, upepo wa kompresa huingizwa, hedi huzamishwa kwenye maji ya moto. Mapovu membamba kati ya vali mbili yakionekana, kuna ufa, na uchomeleaji wote ule ulikuwa wa bure.

Mwanza ina jambo lake pia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Kofia ya rejeta yenye alama 0.9 hupandisha kiwango hicho cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Kofia ni ya bei ndogo, lakini ikichoka hufanya maji yageuke mvuke karibu na vali, na mvuke haubebi joto kama maji.

Kutoboa hedi si mwiko, ila kuwe na sababu. Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 400, iliyotoka mwaka 1970, ina silinda zilizogandana ubavuni bila maji katikati. Kiwanda kiliweka vitundu vidogo kwenye bloki na hedi ili mvuke utoroke. Fundi anayeifungia hedi za injini ya 350 hulazimika kuvitoboa mwenyewe, kwa keekee ya takriban milimita 3.

Kwenye Hiace, hedi ikisharudi, thamostati nayo inarudi. Katika injini nyingi zenye njia ya mchepuko, kuiondoa huacha mchepuko huo wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kuonja rejeta. Kipini kidogo cha thamostati kinachochezacheza hukaa upande wa juu ili hewa ipite, kulanti humiminwa polepole, injini huungurumishwa kofia ikiwa wazi, na kazi hiyo haikatizwi hadi mapovu yakome mdomoni mwa rejeta.