Mwenye Funguo Zote na Adabu ya Kubisha Hodi

Moduli ikishapakiwa ndani ya kiini cha Linux, hakuna mlango uliobaki wa kuifungia. Ulinzi unaoizuia programu moja isichungulie kumbukumbu ya nyingine ni kazi ya kiini, na moduli sasa ni sehemu ya kiini hichohicho. Ndiyo maana wanaoanza hudhani kwamba kusoma kumbukumbu ya mchakato mwingine ukiwa humo ni suala la nguvu tu: umepewa anwani, soma. Mimi naona uhodari wa kazi hii umo katika kuomba na kurudisha.

Anwani yenyewe ndiyo mtego wa kwanza. Michakato miwili inaweza kutumia anwani ileile, kila mmoja ukiwa na kitu chake pale, kwa kuwa kila mmoja una majedwali yake ya kurasa. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, anwani ya kawaida ya biti 48 hukatwa vipande: biti 9 mara nne, kila kipande kikichagua nafasi moja kati ya 512 katika ngazi yake, kisha biti 12 za mwisho zinazoonyesha baiti ndani ya ukurasa wa baiti 4,096. Ukitaka baiti 100 kuanzia nafasi ya 4,050, tukihesabu kuanzia sifuri, hapo utapata 46 tu. Zile 54 zimo katika ukurasa unaofuata, ambao ndani ya RAM huenda uko mbali, au haumo kabisa kwa sababu umehamishiwa diski.

Fundi stadi hushika kwanza ramani ya kumbukumbu kwa get_task_mm, isije ikabomolewa mchakato ukifa kazi ikiendelea. Hufunga kufuli la ramani hiyo, mmap_lock, kwa kusoma, huiomba get_user_pages_remote ilete ukurasa popote ulipo, hunakili, kisha huachia kila alichoshika. Akisahau mmput, inayoiachia ramani, kumbukumbu ya mchakato uliokwisha kufa hubaki imeshikiliwa mpaka mashine iwashwe upya. Akisahau kufungua kufuli, mchakato utaganda mara utakapotaka kubadilisha ramani yake, na hata amri ya ps inaweza kukwama kwa ajili yake. (Mwito mmoja wa access_process_vm hufanya karibu yote haya, asiye na sababu maalumu aanzie hapo.)

Wapo watakaosema huu ni urasimu, kwamba kuyapitia majedwali kwa mkono ni haraka zaidi. Kweli ni haraka, hadi siku msimbo huo utakapokutana na ukurasa mkubwa wa MiB 2, ambako safari huishia ngazi ya tatu, nao ukaendelea kushuka ukisoma data ya watu kana kwamba ni jedwali. Isitoshe, mwaka 2017 Linux ilianza kukubali ngazi ya tano. Na kuna ushahidi mzito zaidi: kasoro ya usalama iitwayo Dirty COW ilikaa ndani ya njia hiyo rasmi ya kuleta kurasa kwa miaka mingi hadi Oktoba 2016, na Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, alieleza kwamba miaka kumi na mmoja kabla aliwahi kujaribu kuiziba. Je, hilo si hoja ya kuikwepa njia rasmi? Nadhani linaithibitisha. Iliporekebishwa, walioitumia walipona bila kugusa mstari wao hata mmoja. Aliyejitengenezea njia yake angelazimika kuyagundua makosa yake peke yake.

Pingamizi jingine, kwamba moduli kama hii ni chombo cha upelelezi, ni gumu zaidi, na silipuuzi. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012, programu ya kawaida inaweza kusoma kumbukumbu ya nyingine kwa process_vm_readv, na kiini hukagua kwanza kama ina ruhusa. Moduli haikaguliwi na yeyote. Ikiwa inamsomea mtumiaji, ukaguzi huo lazima mwandishi wake auandike mwenyewe. Kwa hiyo kazi inayowezekana nje ya kiini ifanyiwe nje, na moduli ibaki kwa dereva au chombo cha uchunguzi ambacho tayari kinaishi ndani.