Namna ya Kutambua Wakati wa Kampuni Changa Kuajiri Mkuu wa Uendeshaji

Mkuu wa uendeshaji ni kiongozi anayekabidhiwa shughuli za kila siku za kampuni, yaani upokeaji wa oda, ununuzi, stoo, usafirishaji na huduma kwa wateja, ili mwanzilishi abaki na kazi ya kubuni bidhaa na kuonyesha njia. Katika kampuni changa, yaani kampuni ambayo bado inatafuta biashara inayoweza kukua haraka au ndiyo kwanza imeipata, cheo hiki kina gharama kubwa, kwa kuwa anayekishika hulipwa mshahara mnono na mara nyingi hudai hisa juu yake. Kwa hiyo kuupima wakati wa kumwajiri ni ufundi unaostahili kujifunzwa.

Wengi hupima kwa umri wa kampuni, idadi ya wafanyakazi au fedha za wawekezaji, lakini vipimo hivyo huonyesha ukubwa tu, ilhali kinachotafutwa ni ukomavu. Kampuni iliyojazwa fedha huweza kufanana na embe lililovundikwa, ambalo ganda lake ni la manjano huku nyama yake bado ni chachu. Umri nao hausemi mengi: Apple, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilimwajiri Tim Cook mwaka 1998 kusimamia uendeshaji, naye akafunga maghala na kupunguza akiba ya bidhaa kutoka ya mwezi mzima hadi ya siku chache, ilhali Facebook, iliyoanzishwa Februari 2004, ilimchukua Sheryl Sandberg kutoka Google Machi 2008 awe mkuu wa uendeshaji, ikiwa na miaka minne tu.

Mjuzi wa jambo hili hutazama kwanza vurugu zilizomo ndani ya kampuni, ambazo kwa kawaida ni za aina tatu. Za kwanza ni vurugu za utafutaji: bei hubadilika kila wiki, wateja wa jana si wa leo, na makosa ya mwezi huu hayafanani na ya mwezi uliopita; kampuni ya namna hii haijapata soko lake, na mkuu wa uendeshaji atakayeletwa ataandika taratibu za kazi itakayoachwa kabla ya mwezi kwisha. Za pili ni vurugu za mwanzilishi, ambapo kazi hukwama kwa sababu mwenye kampuni hurudi kuyashika maamuzi aliyokwisha kuyagawa; hapo kiongozi mpya atakuwa mbeba lawama tu. Za tatu ni vurugu za ukuaji, ambapo bidhaa inapendwa na oda zinaongezeka, lakini makosa ni yale yale kila wiki. Hizi pekee ndizo zinazomhitaji mkuu wa uendeshaji.

Hata hivyo, vurugu za ukuaji nazo zinahitaji kuchunguzwa kwa karibu, na njia bora ni kuifuata oda moja tangu inapopokelewa hadi inapolipwa. Kwa mfano, katika kampuni inayosambaza vyakula kwa maduka ya mtaani, mwenye duka huagiza mifuko kumi ya unga saa mbili asubuhi. Karani wa mauzo huiandika oda na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Mtunza stoo, ambaye ana mifuko sita, husubiri kuambiwa kama minne iliyopungua inunuliwe kwa bei ya juu. Dereva wa guta hukaa getini. Na mwanzilishi, aliye kikaoni na wawekezaji, hujibu saa nane mchana, wakati mwenye duka amekwisha kununua kwingine. Hakuna aliyezembea katika mlolongo huo, kwani kila mmoja alitimiza wajibu wake, na oda ilipotea pale ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Makosa yakijirudia ndani ya idara moja, msimamizi hodari wa stoo au mhasibu hutosha. Yakijirudia kati ya idara na idara, kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka juu ya zote.

Kipimo cha mwisho ni utayari wa mwanzilishi kugawa madaraka bila kuyarudia. Ubora wa uamuzi wa Facebook ulionekana katika mpaka uliowekwa: mwanzilishi wake, Mark Zuckerberg, alibaki na bidhaa na uhandisi, Sandberg akachukua mauzo, matangazo na utumishi, na mgawanyo huo ukadumu hadi alipoondoka mwaka 2022. Mwanzilishi asiyeweza kuandika katika ukurasa mmoja maamuzi ambayo hataulizwa tena bado hajawa tayari, hata kama kampuni yake imekomaa.

Anayetaka kujipima na azime simu yake kwa siku tatu za kazi, kisha aorodheshe yote yaliyokwama. Ikiwa orodha imejaa mambo mapya, na aendelee kutafuta soko. Ikiwa haina kitu, na ashukuru, kwa maana anao watu wa kutosha. Na ikiwa imejaa mambo yale yale aliyoyaamua wiki iliyopita na wiki ya kabla yake, wakati wa kuajiri umefika.