Pembezoni mwa Picha

Anayeanza kujifunza kupiga picha hufundishwa mambo machache: aigawe fremu mafungu matatu kwa upana na matatu kwa urefu, amweke mtu pale mistari inapokutana, atazame mwanga unatoka upande gani, kisha aondoe pembeni kila kinachovuta jicho bila ya faida. Kwa mpiga picha, kanuni hizi ni njema. Kwa mwanahistoria, hiyo ya mwisho ina khatari.

Picha za zamani za Unguja tulizonazo majumbani, Maskati na London, hazikujali mafungu matatu. Katika studio za Gomes na Coutinho, mkubwa alikaa katikati. Sayyid Barghash alipopigwa picha na Maull & Co. mjini London mwaka 1875, mpangilio ulikuwa huo huo: mtawala katikati, watu wake wamemzunguka. Kiti na meza ndogo navyo havikuwa pambo tu. Kamera za karne ya 19 zilimtaka mtu atulie bila ya kutikisika, na mwenye pa kuegemea hutulia zaidi.

Basi katikati palikuwa ni cheo, na pembeni vile vile palikuwa ni cheo. Huko ndiko aliposimama mtumishi, yaya, au mtu aliyezaliwa utumwani kabla ya amri ya 1897. Vitabu na albamu zetu za siku hizi huzipunguza picha hizi mpaka ukabaki uso wa babu na jambia lake. Picha hupendeza, na watu nusu hupotea.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine. Picha ya marehemu babu yangu imekatwa kwa mkasi upande wa kushoto. Umebaki mkono mmoja, umeshika mgongo wa kiti, na bangili moja nyembamba. Nilipokuwa kijana nilimuuliza shangazi ni mkono wa nani. Akasema, "Huyo ndiye aliyenilea," kisha akaniagiza chai. Sikumuuliza tena, na leo hayupo wa kumuuliza. Nimeandika kurasa nyingi juu ya ukoo wetu, na jina la bibi huyo silijui.

Kwa hivyo nawaomba wenye picha: msiwape wachapishaji nakala iliyopunguzwa. Itoeni picha kwenye fremu, inakiliwe pembe zote nne, na mgongo wake pia, maana huko huenda pakawa na muhuri wa studio au mwandiko wa mtu. Waulizeni wazee waliomo pembeni ni nani, na jawabu liandikwe siku hiyo hiyo, hata likiwa zito kwetu.

Ya babu nimeinakili hivyo. Chini yake nimeandika: "Babu, na mkono wa mama aliyemlea shangazi."